Sahihi ya Pili

Chini ya ile karatasi ya dawa palikuwa na mistari miwili: aliyetoa na aliyehakiki. Yote miwili ilibeba sahihi moja, mkia umepinda vilevile, kama nzi wawili waliopondwa na kiganja kimoja. Kati ya sahihi hizo, mzee mmoja alipewa vidonge vya presha vyenye nguvu mara mbili ya alivyoandikiwa, akaanguka bafuni, akalazwa siku nne. Alipona. Aliyebaki hatarini ni mfamasia wetu, maana ofisi ya hospitali ilitaka anyang'anywe leseni yake.

Alinifuata stoo ameshika fomu ya chama cha wafanyakazi. Ilikuwa na alama ya mraba katikati na vumbi la miaka. Niliitambua. Nilimpa mwenyewe, nikiwa mwakilishi wa chama, akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza ya kuhesabia vidonge, akaniambia chama ni cha wapagazi, yeye ana shahada.

"Naona meza inayumba tena, Daktari," nikamwambia. Alipenda kuitwa hivyo.

"Dada, nakuomba. Kesho wananiita."

Nilimwonea kinyaa, na sisemi kwa mapambo. Miaka mitatu nyuma Mama Pacha, aliyekuwa mhakiki wake, alifukuzwa kwa kulalamika kwamba wafanyakazi wanapunguzwa huku foleni ya wagonjwa inarefuka. Tulimwomba mfamasia huyuhuyu aseme mbele ya meneja kwamba ni kweli. Neno moja tu. Akaangalia kucha zake. Tangu siku hiyo kiti cha mhakiki hakikukaliwa; yeye akawa anatia sahihi mara mbili, asubuhi hadi jioni, na kusifiwa kwa uchapakazi.

Kanuni iliniruhusu kumkataa: fomu ya leo haimkingi mtu na kosa la juzi. Nilitaka kumwacha aoze. Lakini nikamkumbuka meneja, anavyolamba kidole kila anapofunua faili la mtu, na kinyaa changu kikampata mwenyewe hasa; nikaipokea fomu.

Kikaoni tulikuta muhtasari umeshachapwa kabla hatujaketi. Uzembe binafsi, ulisema. Meneja akalamba kidole, akaufunua, akamsogezea mfamasia kalamu. Nikaomba orodha ya zamu. Akasema haihusiani. Nikasema tutasubiri. Chai yake ikapoa, ikafanya utando. Akainywa na utando wake. Mwishowe orodha ikaletwa. Mstari wa mhakiki ulikuwa mtupu, mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu.

Nikauliza nani aliuacha wazi. Meneja akasema hilo ni suala la utawala. Hapo mfamasia akainua macho kutoka kwenye kucha zake.

"Aliyekaa hapo alifukuzwa kwa kuyasema haya," akasema. "Nilijua, nikanyamaza. Na hilo liandikwe."

Likaandikwa kwa mkono, pembeni, meneja akibonyeza kalamu kama anayekamua jipu. Uamuzi, tukaambiwa, utatumwa.

Chini ya muhtasari palikuwa na mistari miwili: mfanyakazi na mwakilishi. Mfamasia akatia sahihi kwenye wa kwanza. Mkono, kwa mazoea, ukashuka ukatia na kwenye wa pili. Akaiona sahihi hiyo. Kisha akaikata kwa mstari mmoja mnyoofu, akanisogezea kalamu.

Ilikuwa na jasho la kiganja chake. Niliipangusa kwa upindo wa gauni, nikaanza kuisoma karatasi tangu juu, polepole, wote wawili wakiningoja.