Pumzi ya Kwenye Pakiti

Asubuhi ya kwanza ugenini, wifi alimwambia mama avae viatu vya kufunga, wanakwenda supamaketi. Mama alitaka waende moja kwa moja kiwandani kumwona binti yake. Wifi akasema kiwandani hawapokei mgeni kabla ya saa ya chakula, na kukaa hotelini kutazamana na ukuta hakumleti mtoto.

"Mimi nchi yoyote naijulia dukani," alisema. Alikuwa akiuza vitambaa na amesafiri hadi viwanja vya ndege vimemchosha. "Ukishaona watu wanakula nini wakati hawana njaa, umewajua."

Supamaketi ilikuwa na baridi ya jokofu na sakafu ya kung'aa, hadi mama akalibana gauni miguuni. Mlinzi aliwaona tangu mlangoni, akawafuata, wala hakujificha. Wakisimama kwenye biskuti, naye anasimama. Wifi akinusa sabuni, mlinzi anainama kuitazama hiyo sabuni kama imepungua harufu. Mwanamke mwenye kitoroli alimvuta mtoto wake karibu walipopita.

"Wifi, huyu anatutakia nini?"

"Anatutakia safari njema. Chagua biskuti."

Wifi alijaza kikapu: biskuti za chumvi, karanga za sukari, peremende za rangi ya sumu ya panya. Kisha wakafika kwenye krispi za viazi. Rafu nzima, kona hadi kona, pakiti zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Kila moja ilikuwa na maandishi ya dhahabu, na wifi, aliyeijua kidogo lugha ya pale na ndiye mkalimani wao, akamsomea mama: zimejazwa na watu, si mashine.

Walilipa. Tumbo la wifi halijui kusubiri, akachana pakiti moja palepale kwenye kaunta. Ikatoka pumzi ya mwanamume, nzito, ya uvuguvugu, ya mtu ambaye hajala tangu jana. Ikasema neno moja la lugha ambayo hata wifi hakuifahamu, ikakohoa, ikaisha.

Keshia alijipepea.

"Nyinyi!" mlinzi akafoka. "Kwenu hamfundishwi adabu? Pumzi zinafunguliwa nje."

Na kweli, nje ya mlango ndivyo watu walivyokuwa wakifanya. Wanachana pakiti, wanaielekeza pembeni, wanageuza shingo kama mtu anayepisha vumbi la lori, halafu wanasubiri. Pumzi moja ilipiga mwayo. Nyingine ilimtaja mtu kwa jina la mapenzi. Zikimalizika, watu wanakula. Msichana mwenye sare ya shule aliirudisha yake kwa keshia.

"Hii inalia," alisema, akabadilishiwa.

Pakiti iliyofuata mama aliichana mwenyewe. Alitaka kuonja tu.

"Mama," ilisema pumzi, ikashikwa na kwikwi, kisha ikamalizia: "nimeisha."

Binti yake alikuwa na kwikwi tangu ananyonya. Akicheka inamshika, akiogopa inamshika, hata siku ya kuondoka alimuaga baba yake kwa kwikwi. Mama akaifumba pakiti kwa mikono miwili, lakini ilikuwa imeshalala bapa.

"Ni yeye," alisema.

Wifi alitafuna polepole. "Ni yeye. Na wakala aliyemleta huku alituapia sebuleni kwamba ni kazi ya kukaa."

"Ya kukaa."

"Labda wanapuliza wamekaa."

"Wifi, nyamaza."

Wakala yule alikunywa chai yao vikombe na vikombe, akasifu kifua cha binti. Alisema ana kifua kizuri, hana pumu. Mama alidhani anauliza afya kwa wema. Mwenye binti, siku mtu akianza kumsifia mtoto wako kiungo kimoja kimoja, mwulize hicho kiungo anakitakia nini.

Saa ya chakula walikuwa langoni mwa kiwanda. Binti alitoka akiambaa na ukuta. Alikuwa amekuwa bapa kama gauni lililopigwa pasi, na gari lilipopita kwa kasi upepo wake ukamsukuma hadi kwenye nguzo. Akaikumbatia nguzo. Nyuma yake alikuja msimamizi, viatu safi, filimbi shingoni.

"Mama, nani kakwambia uje?" alisema binti. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Utaniponza."

"Twende nyumbani."

"Nitafikaje? Mlango ukifunguliwa tu napeperuka."

Wifi alimgeukia msimamizi akamwuliza kwa nini wasitumie mashine kama watu wengine.

"Mashine inakula umeme," alijibu. Akamtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Sisi si gereza. Akiweza kutembea kutoka hapa hadi barabarani bila kushika kitu, mchukue."

Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alirudi supamaketi, akaanza kutega sikio kwenye pakiti moja moja. Za binti hazikuwa ngumu kuzijua, kwa sababu kila baada ya muda zilikuwa zinaruka kidogo rafuni.

"Unanunua au unanyonyesha?" mlinzi akamwuliza, na watu wa foleni wakacheka. Mama alizikumbatia zote hadi kaunta. Keshia alizishika kwa ncha za vidole.

Kesho yake, saa ya chakula, alizichana mbele ya mdomo wa binti, moja baada ya nyingine, na binti akavuta. Mashavu yalirudi. Kifua kikainuka, gauni likapata mwili. Binti alicheka, kwikwi ikamshika, wifi akapiga vigelegele peke yake barabarani. Wakashikana mikono, kisha mama akakumbuka sharti akamwachia. Binti alitembea hadi barabarani bila kushika kitu.

Msimamizi akapiga filimbi.

"Ametembea!" alisema mama. "Si umeona?"

"Nimeona. Ametembea kwa pumzi ya kiwanda. Wewe ulinunua krispi, mama. Pumzi ni kifungashio, na kifungashio ni mali yetu. Airudishe, ndipo aende."

"Krispi zenyewe hatujala hata moja," wifi akasema. "Mchukue krispi, mtuachie pumzi."

"Krispi mmeshazilipia," alisema msimamizi. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

Binti alirudi ndani akairudisha. Alipotoka tena alikuwa bapa kuliko jana, msimamizi akimbeba mkononi kama koti, akamwegemeza kwenye nguzo.

Mama aliweka mkoba chini. Alimzaa mtoto yule amenyamaza, na mkunga alipokata tamaa ni yeye mwenyewe aliyempulizia hadi akalia. Kwa hiyo alijua namna ya kumshika kidevu. Akamfungua mdomo, akasema, "Haya mwanangu, simama twende," na maneno hayohayo akayapuliza ndani pamoja na kila alichokuwa nacho kifuani. Akapuliza hadi akayumba na wifi akamdaka.

Binti alisimama. Alikuwa na rangi. Kwikwi haikuwepo, maana pumzi haikuwa yake.

"Hiyo siwezi kuidai," msimamizi alikubali. "Ni mali yako." Akaisikiliza jinsi inavyopanda na kushuka kifuani mwa binti, kama mtu anayesikiliza injini ya gari la jirani. "Pumzi nzuri. Ndefu. Basi aingie achukue pasipoti yake, ipo ofisini kwangu."

"Dakika moja tu, mama," alisema binti, akaingia kwa miguu yake, mgongo umenyooka.

Lango likafungwa. Kengele ya zamu ya mchana ikalia. Mama alishika ile nguzo, kwa kuwa sasa ni yeye aliyekuwa akisukumwa na upepo wa magari, na wifi akamshika gauni kwa nyuma asije akaruka. Walisubiri hadi wafanyakazi wa zamu nyingine wakaanza kuingia wakiambaa na ukuta. Binti hakutoka. Kesho yake langoni waliambiwa ameongeza mkataba, na kwamba mgeni haruhusiwi kumtembelea mfanyakazi mara nyingi, kunampunguzia bidii.

Siku ya kuondoka wifi alitaka vitafunwa vya kula kwenye ndege. Mama alimsubiri nje ya supamaketi, mfuko wa sabuni mkononi ili apate uzito. Kijana mmoja mwenye koti zuri alitoka, akachana pakiti.

"Haya mwanangu," ikasema pakiti kwa sauti ya mama, "simama twende."

Kijana aligeuza shingo akasubiri. Ilikuwa pumzi ndefu, akaona inamchelewesha, akaitikisa pakiti iishe upesi. Kisha akaanza kula. Mama alimtazama hadi alipoimaliza pakiti akalamba chumvi vidoleni, na mlinzi akamwambia mama asimame pembeni, anaziba mlango.