Chuma Pajani

Kabla ya kuingia kwenye kibanda cha vipimo, Teófilo Ñaupari alivua mkanda, saa na viatu vyenye misumari. Chuma hakiruhusiwi humo. Kazi yake ilikuwa kupima sumaku ya dunia, na hapo juu Huancayo, milimani Peru, sumaku hiyo ni hafifu mno.

Alipotoka, Injinia Yovana akamwita ofisini. Alikuwa akilinganisha vipimo vyao na vya Mshitarii, ile sayari kubwa ya gesi.

"Don Teófilo, hebu ona. Wiki zako namba zinapanda. Wiki za mwenzako Edilberto zinashuka. Miaka miwili sasa, tangu mlipoanza kupokezana zamu."

"Labda jua limechafuka."

"Jua ndilo linalosubiri zamu yako?" Alicheka, kisha akaacha. "Una chuma mwilini?"

"Sina."

Yovana akachukua dira, akaipitisha kiunoni mwa Teófilo, kisha pajani. Kwenye paja la kulia mshale ukageuka.

"Sumaku ya Mshitarii ni kali mara nyingi zaidi ya yetu. Huko kipande hiki kisingemshtua mtu. Hapa kinatuharibia kila kitu. Kiliingiaje?"

"Bomu. Wakati wa vita."

Hata mkewe hakujua hilo.

"Nitawaandikia wote waliotumia namba zetu kwamba zina kosa," Yovana alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma. "Kibandani usiingie tena, don Teófilo."

Hakwenda nyumbani. Alipanda basi hadi Chupaca, mji wa kwao, akamkuta mama yake, Fortunata, uani anamenya viazi. Akakaa chini karibu naye.

"Mama, siku kaka Sabino alipokufa, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa shambani. Ulirudi umechanwa na waya wa uzio."

"Haukuwa waya. Tulikuwa pamoja barabarani, bomu likalipuka. Mimi nikakimbia. Kipande bado kimo mguuni."

Kisu kikasimama. Miaka zaidi ya thelathini bikizee yule alikuwa akiamini kwamba mwanawe mkubwa alikufa peke yake.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa nakimbia."

Fortunata akachukua kiazi kingine, lakini hakukimenya. Alikishika tu, hadi kuku wakaanza kula maganda miguuni pake bila kufukuzwa.

"Utalala hapa," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Kesho utanipeleka mahali penyewe."