Simu Iliyobebeshwa kwenye Mpeasi

Hidaya alikuwa kibarazani anachambua karoti, nzima kwenye kiroba, zilizovunjika kwenye ndoo ya mbuzi, simu yake ilipobisha hodi. Haikuita wala kutetemeka. Ilisema hodi, ikanyamaza, ikasema tena. Huku Mlalo mtu akibisha mara ya tatu hujamjibu, umemfukuza, na Hidaya hakulelewa hivyo. Kioo kilikuwa na neno Kubali, na chini yake Baadaye. Kataa halikuwepo. Alifuta mkono kwenye kanga, akasema karibu, akabonyeza Kubali.

Mgeni alikuwa toleo jipya la mfumo wa simu. Aliingia, akafunga mlango, na cha kwanza alichokitoa nje kilikuwa sauti ya Idrisa.

Idrisa, mwanawe, aliitengeneza ile programu kabla hajaugua. Ilipanga zamu za maji ya mfereji, na zamu ya mtu ikifika ilimwita kwa jina, kwa Kishambaa, kwa sauti ya Idrisa mwenyewe. Alfajiri ya zamu yake Hidaya aliamshwa hivi: Mama, maji yako. Idrisa alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa na hakuwahi kukosea zamu. Leo kioo kiliandika kwamba mtengenezaji wa programu hii hajathibitishwa, na kwa usalama wako haitafunguliwa.

Maneno hayo si mageni. Bibi yake aliambiwa hivyohivyo enzi za amri ya matuta, Mwingereza alipowapangia watu wa Usambara namna ya kuchimba mashamba yao wenyewe. Kwa usalama wa udongo, walisema, na asiyechimba akafikishwa barazani. Udongo ulikuwa wa bibi. Simu ni ya Hidaya, aliinunua kwa karoti zake.

Alishuka Lushoto mjini kwa fundi Valentino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuna mtu kaingia kwenye simu yangu, kamfukuza mwanangu."

Valentino aliipindua simu, akaipindua tena. Alisema ipo mifumo mingine, imeandikwa na watu huru na wanaigawa bure, hata yeye anayo. Zamani angeiweka hapohapo huku anakunywa chai. Siku hizi mlango wa kuiingizia wameuziba tangu kiwandani.

"Labda mtengenezaji akathibitishwe," alisema. "Atoe kitambulisho, halafu ajipige picha akipepesa macho."

"Hapepesi."

Valentino aliinamisha kichwa. "Pole mama. Basi sikiliza, programu ni nzima. Shina, huo mfumo, ndilo linaloikataa. Nenda kwa mama Raheli, wa hukohuko kwenu, yule anayebebesha miche ya matunda, anaunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine."

Raheli alikuwa shambani kwake, nyuma ya kanisa la Kilutheri, kisu mkononi.

"Marehemu mumeo aliniletea mche wa parachichi wenye kiburi," alisema, "na wewe unaniletea simu. Nyumba yenu haina kitu kinachokubali kirahisi?"

"Mimi ndiye niliyekubali, dada. Ndiyo shida yenyewe."

Walipanda hadi kwenye mpeasi, mti wa matunda ya peasi, ulio juu ya mfereji. Watu wa rika lao wote wanaujua. Mnara wa simu ulipokuwa bado mmoja, ng'ambo ya mabonde, mtandao ulipatikana hapo tu, katikati ya matawi. Watu walitundika simu zao za vitufe kwa kamba za katani, wakakaa chini kungoja ziite. Ikiita ya jirani unapokea, unapaza sauti bondeni, anakuja mbio na tope miguuni. Betri ilikaa wiki. Mfuniko uliufungua kwa ukucha, na hakuna simu iliyomuuliza mtu yeye ni nani. Idrisa alijifunza kutambaa juu ya mizizi ile, akifuata milio.

Raheli alipasua gome. Alichonga ukingo wa simu kama anavyochonga kikonyo, akauchomeka, akafunga kwa nailoni na kupaka nta. Alisema isisumbuliwe.

Mvua za vuli zilipokatika, kwenye tundu la chaji palikuwa na machipukizi. Kioo kiliwaka bila nembo ya kampuni yoyote. Alfajiri Idrisa aliita, bonde zima likasikia. Raheli alipita kukagua.

"Imeshika," alisema. Akafungua nailoni, akaenda kwenye kabichi zake.

Majirani wakaleta zao. Mpeasi ulipochanua, watu walikuwa wameanza tena kukaa chini yake, wakipokeleana simu na kutaniana kwa sauti kubwa.

Lakini simu iliyobebeshwa haiondoki mtini, na pesa za simu zinaikataa, zinasema kifaa hiki si salama. Mnunuzi wa karoti halipi kwa njia nyingine. Kwa hiyo Hidaya alinunua simu ya pili, ya mfumo uleule, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Asubuhi ya zamu yake alikuwa chini ya mpeasi kabla hajaitwa. Idrisa akamwita.

"Nimesikia," alijibu. Akainuka, akazibua mfereji kwa jembe.

Maji yalianza kuingia kwenye matuta ya karoti. Kwenye pindo la kanga mtu akabisha hodi. Hidaya aliendelea kuelekeza maji. Akabisha tena. Hidaya alifuta mkono, akasema karibu, akabonyeza Kubali.