Waya wa Kwenye Korido

Anayedhani kuunganisha kompyuta mbili ni kazi ya waya tu, aje anione mimi. Nimefunga mitandao kwenye maduka na ofisi nyingi, lakini ule wa duka la miwani la shangazi yangu unaniuma roho mpaka leo, na wala hauna kasoro.

Duka lenyewe ni vyumba viwili na korido. Mbele anakaa binti wa shangazi, mpimaji wa macho. Mimi namwita dada. Nyuma, penye mashine ya kusaga lenzi, anakaa mdogo wake, fundi wa miwani, ambaye namwita kaka. Katikati, kwenye korido, pana benchi la wateja, na mwishoni mwa benchi, juu ya mto uliobonyea, ndipo anapokaa shangazi.

Hao wawili hawasemezani. Baba yao alipougua, dada alitaka apelekwe hospitali siku ileile. Kaka akasema aachwe apumzike kwanza. Mzee akafia kitandani. Msibani, mbele za watu, dada akamwambia kaka, "Umemuua baba." Tangu hapo kila mmoja na mlango wake, na namba za simu walishafungiana.

Lakini miwani haitengenezwi na mtu mmoja. Dada akishapima, vipimo lazima viende nyuma. Basi shangazi ndiye aliyekuwa akibeba karatasi na fremu aliyoichagua mteja, na mdomoni akabeba ya ziada. Kwa kutia chumvi, mama yule hana mpinzani. Dada alimpa karatasi bila neno. Ikifika nyuma, tayari ina salamu.

"Dada yako anakusalimia. Anauliza, kile kikohozi kimepungua?"

Kaka hainui hata kichwa. Shangazi huyo, anarudi mbele. "Kaka yako anasema asante, na usikae na njaa."

Uongo mtupu. Nilikuwa nikimtania, "Shangazi, huo uongo utaulizwa."

"Nitaulizwa na nani? Mwenyewe aliyenipa hawa watoto anaona nilivyochoka."

Na uongo ule ulikuwa umeanza kufanya kazi. Siku moja kaka, akiwa bado ameinamia mashine, alijibu, "Mwambie kimepungua." Shangazi alikuja kwa miguu hadi kibandani kwangu kunipa neno hilo moja. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kimepungua! Umesikia, fundi wangu? Kamjibu!"

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Kichwa kikajaa salamu, akawa anazitunga huku anatembea, na siku aliyobeba fremu mbili kwa pamoja akachanganya karatasi. Mwalimu mmoja akapewa lenzi za mshona nguo, akateleza kwenye ngazi, akavunjika mkono.

Ndipo nikaitwa. Dada alinivuta pembeni. "Weka mtandao. Niandike huku, asome kule. Mama apumzike." Nilipofika nyuma, kaka naye akaniambia, "Mama wa watu amechoka. Apumzike." Ningewapinga vipi? Mwalimu wa watu alikuwa na mkono kwenye plasta.

Nilitoboa kuta, nikapitisha waya juu ya benchi. Shangazi alinishikia ngazi.

"Vipimo vitapita humo," akasema. "Na salamu je, zitapita wapi?"

"Nimewawekea nafasi chini ya vipimo, shangazi. Imeandikwa Maelezo. Watasalimiana wenyewe."

Nafasi hiyo niliiweka kubwa kuliko zote. Kila nilipopita kukagua mitambo niliichungulia, na kila mara niliikuta tupu. Vipimo vilikwenda, miwani ikatoka, wateja wakasifu. Shangazi alikaa benchini mikono mapajani, na hakuna aliyemwita.

Halafu mtandao ukakatika. Nilipanda ngazi nikaukuta waya umekatwa, tena kwa mkato mmoja safi. Panya hatumii mkasi. Nikamtazama shangazi, yeye akatazama ndala zake.

"Panya," nikawatangazia. "Na waya wa aina hii umeadimika. Mnivumilie kidogo."

Waya nilikuwa nao begini. Nilimwona shangazi akisimama, akijitengeneza kanga, akichukua karatasi kutoka kwa dada, na roho yangu ikatulia. Nikamfuata hadi mlango wa nyuma.

"Dada yako anakusalimia," akaanza. "Anauliza..."

Kaka akazima mashine. Hakuwa amewahi kuizima kwa ajili ya salamu.

"Mama, acha. Muda wote huu, kwenye ile kompyuta, ana mahali pa kuniandikia chochote anachotaka. Hajaandika hata 'vipi'. Kumbe siku zote zile ulikuwa unatunga." Hakusema kwa hasira, afadhali angefoka. "Na mimi mjinga nikajibu. Nipe karatasi tu."

Shangazi alimpa. Alirudi akapita mlango wa dada bila kuingia, akakaa kwenye mto wake. Ile nafasi ya maelezo niliiweka mimi kwa nia njema, na ndiyo iliyomuumbua.

Jioni dada akanipigia. "Huo waya unatusumbua. Weka waifai." Sijakata simu vizuri, kaka naye akapiga: "Kwani hakuna kitu kisichotumia waya?" Hilo ndilo jambo la kwanza waliloafikiana tangu msiba, na hawajui hadi leo kwamba waliafikiana. Ningekataa, wangemwita fundi mwingine.

Kesho yake nikafunga kile kisanduku chenye antena juu ya mlango wa korido, nikauvua waya wote, nikaziba matundu. Kompyuta zikaonana papo hapo. Nilipokuwa nafunga begi, shangazi alikuwa amepakata mkoba wake, na ndani yake niliona mpini wa mkasi.

"Fundi wangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "safari hii waya umeupitisha wapi?"

"Hakuna waya, shangazi. Vinapita hewani."

Alitazama juu, akatazama mlango wa binti yake, kisha mlango wa mwanawe, yote imefungwa.

"Hapa? Hapa nilipokaa?"

"Hapohapo, shangazi."

Akaubana mkoba kifuani, akajisogeza taratibu hadi ukutani, asije akawazibia njia.