Maumivu ya Wajina Wangu

Mimi ni Mwirigi wa M'Itonga wa M'Rimberia. M'Rimberia aliketi katika Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na hukumu yake haikuwahi kupingwa. M'Itonga alikuwa mzee wa kanisa hapa Mikinduri, mtu ambaye hata wadeni wake walimwamkia kwa furaha. Jina langu analibeba mjukuu wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, na kwa sababu hiyo mke wangu Marcella humwita "mume wangu".

Jioni moja, mwaka wa mvua za El Nino, Marcella alikuwa akikamua ng'ombe nami nikifunga zizi, maumivu ya goti yakabisha hodi langoni. Yalikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, yamelowa, yakiburuta mguu wa kushoto. Yakauliza kama hapo ni kwa Mwirigi. Nikasema ndipo.

Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Marcella aliyapa uji, yakanywa, yakarudisha kikombe kwa mikono miwili. Ndipo yakasema, "Nilitumwa kumwambia apumzike. Kila nikifungua kinywa ananifukuza kwa kidonge."

"Basi umekosea Mwirigi," nikayaambia. "Mimi sijawahi kushika gongo la mpira, ila la kufukuzia tumbili."

"Yule mwingine hafungui mlango," yakajibu.

Nilielewa. Wajina wangu alicheza mpira wa magongo katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Alipoumia goti, daktari alimwandikia vidonge vya wiki moja na mapumziko ya muhula mzima. Mwalimu wa michezo alichukua vidonge, akayaacha mapumziko. Vilipokwisha, akatafuta vingine. Wakashinda kikombe cha mkoa, nami nilikuwapo, nimevaa koti. Baadaye kijana akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu. Gongo aliliacha, vidonge hakuviacha: kwanza vya goti, kisha vya kulala, kisha vya kuamka.

Maumivu yakakaa nasi. Yalilala karibu na mafiga na kusaidia kupukuchua mahindi. Jirani yetu Naftaly aliuliza tu kama yanakula githeri ya mahindi na maharagwe.

Krismasi kijana alikuja. Akiwa anatueleza bei ya saruji, aliepua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaiweka chini taratibu, akaendelea na saruji. Marcella akamgeuza viganja. Vilikuwa vimeiva, naye hakujua.

"Mume wangu, keti," akamwambia. "Mgeni wako amekungoja tangu mvua kuanza."

Kijana akapeleka mkono mfukoni. Niliushika. Nilimwambia kwamba nyumba ya M'Rimberia haijamfungia mgeni mlango, na hatutaanza na huyu. Aliyatazama maumivu yaliyoketi kigodani, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Kisha akaunyosha mguu wa kushoto.

"Karibu," akasema.

Yakapanda, yakaingia gotini kama kuku aingiavyo kizimbani. Kijana akapiga yowe. Maumivu ya viganja nayo yakamfikia, akalia kama mtoto anayeogeshwa. Marcella alicheka huku akijifuta macho kwa leso. Nami nikapumua, jambo ambalo sikuwa nimelifanya sawasawa kwa miezi.

Daktari wa hospitali ya misheni alimpunguzia vidonge polepole, mpaka kahawa ilipochanua, vikaisha. Leo wajina wangu anachechemea. Anajua mvua itakaponyesha, na anajua sufuria ya moto.

Kikombe cha mkoa kingali katika kabati la vioo la shule. Mwalimu wa michezo sasa ni mkuu wa shule. Juma lililopita maumivu ya bega yalipita hapa yakiuliza kwa Kathambi, ng'ambo ya mto, maana mjukuu aliyebeba jina lake hurusha mkuki. Nyuma yake maumivu ya kifundo cha mguu na ya ubavu yalisubiri zamu langoni kwa adabu. Marcella akateleka sufuria kubwa.

Basi sikieni, nyinyi mnaokimbia viwanjani. Maumivu yenu yakibisha, fungueni wenyewe. Sisi wazee tumechoka kuyapikia uji.