Koleo la Daktari wa Meno

Kila Julai, Curtis Bellamy alipofika ziwani na sanduku lake la chambo bandia, Orville Haugen alitamani kutema mate. Shemeji huyu, mume wa Marit, dada yake Orville, alikuwa daktari wa meno mstaafu kutoka Chicago. Alikuwa na samaki wa plastiki sitini, wanaong'aa kama mapambo ya Krismasi, na hakujua hata mmoja anaogeleaje. Aliwarudisha sandukuni wakiwa wamelowa, ndoana zikaota kutu.

"Hii haitoboi hata siagi," Orville alimwambia asubuhi moja gatini, akiburuta ncha ya ndoana juu ya ukucha wake. Iliteleza. "Ingekuwa kali ingekwama. Umesomea meno miaka yote ile, hujui kitu butu?"

"Nitanunua nyingine, shemeji."

"Bila shaka utanunua."

Curtis akarusha, akavuta. Chambo kikalala ubavu, kikakimbilia kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Akarusha tena, yaleyale. Orville aliketi juu ya ndoo akinywa kahawa, akimtazama kwa raha. Miaka kumi na saba aliyaona haya, na hakuwahi kumwambia dawa yake. Ya nini? Mtu wa kununua hafundishiki.

Kisha akarusha chake mwenyewe, cha mti, alichokichonga kwa mkono. Jana kilikuwa kimegonga mwamba, na sasa kilikwenda kulia. Orville alimpa Curtis mgongo, akatoa koleo ili anyooshe kile kitanzi cha waya puani, pale mshipi unapofungwa. Tangu majira ya baridi mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na hakumwambia mtu. Koleo likaruka, waya ukapinda kupita kiasi. Akajaribu tena, akakwaruza rangi. Mara ya tatu koleo lilimponyoka, likapenya kati ya mbao na kuzama.

Curtis alikuwa ameona. Hakumpa pole. Aliingia nyumbani, akarudi na koleo dogo lililokuwa la kazi yake.

"Nielekeze."

Mtu huyu, Orville aliwaza, hata viatu vyake vya ziwani vimepigwa pasi. Lakini samaki walikuwa wanaruka.

"Kinakwenda kulia. Pinda kitanzi kushoto. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Unywele mmoja. Taratibu, kwani unang'oa jino?"

"Jino ningekuwa nimeshamaliza."

Mikono ya Curtis ilitulia kama jiwe, na hilo lilimuuma Orville kuliko kutetemeka kwenyewe. Orville alirusha. Chambo kikaja kimenyooka, kikitikisa mkia.

"Na changu?" Curtis akauliza.

"Chako kitie moto." Orville akakichukua, akakigeuza. "Badilisha ndoana kwanza. Na uanike hilo sanduku."

Kufikia saa sita walikuwa wamerekebisha chambo kumi na moja, mmoja akiamuru na mwingine akipinda. Curtis akanasa paiki, samaki mrefu kama mkono, akampakata kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Orville hakumpongeza. Alimwambia alete kinachofuata.

Jioni Marit aliuliza kwa nini leo Curtis ndiye aliyeshika koleo. Orville akamweleza ukweli kuhusu mikono yake, kisha akaongeza kwamba mumewe bado hajui ndoana kali ikoje.