Saini ya Ndege wa Matete

Saa nne kasorobo asubuhi, kabla chai haijaletwa, mkaguzi wa maeneo oevu alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia masijala kutafuta faili la bonde la matete. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Jana yalikuwa chini ya hapo kidogo. Karani wa masijala, ambaye meza yake ilipandishwa juu ya matofali manne, alimwonyesha kwa kidevu.

"Kabati la tatu. Piga hodi kwanza, wamo."

Akapiga hodi. Ndani kitu kikalia mara tatu, kama mtu anayepitisha kucha kwenye meno ya kitana, kisha kimya. Mkaguzi akangoja kidogo kwa adabu, akavuta droo. Faili lilikuwepo, limelowa pembeni, na juu ya jalada zilikuwa nyayo mbichi: vidole vitatu virefu mbele, kimoja nyuma. Mwenye nyayo hakuonekana. Hawakuwa na desturi ya kuonekana.

Hao ni ndege wa matete. Mwili wao ni mwembamba ubavuni kama kipande cha ubao, hata hupita katikati ya mashina mawili na unyasi usitikisike. Mkaguzi alisoma habari zao katika kitabu alichonunua enzi za masomo yake ya jioni, kitabu alichokiheshimu kuliko wakubwa zake wengi. Kilisema jamaa zao wametapakaa karibu dunia nzima. Penye kinamasi hawakosi. Wengine waliruka hadi visiwa vya mbali, wakakuta hakuna wa kuwasumbua, wakaacha kuruka, mabawa yakasinyaa. Halafu wasumbufu wakafika kwa meli. Kurasa hizo alizirudia mara nyingi, na kila mara ziliishia palepale.

Jengo la idara nalo lilisimama juu ya kinamasi kilichofukiwa miaka thelathini na moja iliyopita. Aliyekikagua kabla hakijafukiwa ni yeye. Alikaa siku mbili ndani ya matete, akasikia sauti kumi na moja, hakuona hata unyoya. Fomu ilikuwa na safu moja tu: "Idadi ya walioonekana kwa macho." Mkuu wa wakati ule alimwambia sikio si shahidi. Basi akaandika "Hakuna," akatia saini, saini nzuri yenye mkia, aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima. Kiofisi hakusema uongo. Tangu hapo wenzake walimwita Mzee Sikio, hata kabla hajawa mzee.

Sasa lilibaki bonde moja tu, na fomu ilikuwa ileile. Ukingoni mwa bonde hilo aliishi dada yake mkubwa, mjane, aliyekata matete na kusuka majamvi tangu wazazi wao walipofariki. Majamvi hayo ndiyo yaliyomlisha mkaguzi mpaka akawa mkaguzi. Jumapili alikuwa amekwenda huko.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?" dada aliuliza.

"Nimekuja na fomu, dada."

"Basi viatu vya serikali viache nje."

Walikaa ukingoni mpaka jua likazama. Sauti zilikuwa kumi na tisa. Wa kuonekana hakuna.

"Wanakujua wewe," dada alisema. "Ukija, wanaambizana."

"Fomu inataka macho."

"Umekula matete haya utoto wako wote, leo unaniambia habari za fomu? Kama huwezi kuandika unachokijua, usiandike kitu. Kalamu si yako?"

Njia nzima ya kurudi alikuwa ameibana ile kalamu mfukoni, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Ofisi ya mkuu wa idara ilikuwa ngazi mbili juu ya masijala, kwa hiyo maji yaliishia kwenye soli za viatu. Mkuu alikuwa kijana mwenye haraka. Malori ya udongo wa kulifukia bonde yalikuwa yamekwisha kujipanga barabarani. Mama Chai alikuwa anamimina.

"Mzee, umeona wangapi?"

"Nimesikia kumi na tisa."

"Sijauliza habari za sikio."

"Sijaona. Na sitatia saini."

Mama Chai akasimamisha birika hewani. "Makubwa!"

"Mzee wangu," mkuu alisema taratibu, "umebakiza miezi minne ustaafu. Ushujaa unauanza leo?"

"Nimechelewa, najua."

Akaiweka fomu mezani na kalamu yake juu yake.

Ndipo ndege akatoka chini ya kabati. Alikuwa mdogo, wa rangi ya matope, jicho jekundu, kamkia kanachezacheza. Mama Chai alisogeza mguu ili apite. Ndege akapanda kapu la taka, akapanda kiti, akapanda meza. Alikanyaga pedi ya wino wa mhuri, akavuka fomu, akaacha unyayo mmoja safi ndani ya kisanduku cha saini, wino ukiburuzika kidogo nyuma ya kidole cha mwisho. Akamtazama mkaguzi. Kisha akateremka, akarudi chini ya kabati.

Mkaguzi alikuwa amemngoja miaka thelathini na moja. Akachukua kalamu, akaandika kwenye safu: "Mmoja."

"Nimemwona. Na ninyi mmemwona."

"Tumemwona," alisema Mama Chai.

Mkuu akaisoma fomu kwa makini. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini mzee, hapa pameandikwa eneo la ukaguzi ni bondeni. Huyu ameonekana ofisini." Akakata "Mmoja" kwa rula, akaandika "Hakuna." Kisha akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Na saini ipo."

"Ile si yangu."

Mkuu akatoa kabatini faili la zamani la kinamasi kilichofukiwa, akaziweka fomu mbili sambamba. "Ina mkia kama yako."

Mkaguzi akainama, akatazama. Ilikuwa na mkia kama yake. Mkuu akagonga mhuri. Mama Chai akauliza sukari vijiko vingapi.

Malori yaliingia bondeni Alhamisi, na Jumamosi matete yalikuwa yamekwisha. Dada alihamia kwa mkaguzi na jamvi moja lisilomalizika kusukwa. Hakumlaumu. Alitafuta matofali manne, akayaweka chini ya miguu ya kitanda.

Jioni, wakati wanakula, maji yakaanza kuingia chini ya mlango.

"Inua miguu," dada alisema, "wapite."

Akainua. Walipita mmoja baada ya mwingine, bila kuonekana, wakielekea chumbani. Mkaguzi akawahesabu kwa sikio mpaka wa kumi na tisa, kisha akarudisha miguu majini, akaendelea kula.